Firigisi Niliila Mimi

Walionitesa ni baba mkubwa na mkewe, kule Magu. Nawataja hivyo ili asije akasingiziwa mtu mwingine.

Walinichukua baba yangu alipofariki. Nilipofika darasa la nne wakanitoa shule nichunge ng'ombe. Kuku akichinjwa, mama mkubwa ananigawia huku ananitania. Kichwa alikiita redio: "Tafuna, usikie habari." Mkia aliuita siti ya nyuma. Miguu aliiita raba, na hapo ndipo aliponikata maini: "Haya mwanafunzi, vaa raba zako uende shule." Baba mkubwa anacheka mpaka anapaliwa, firigisi iko mdomoni. Kwetu firigisi ni ya mwanaume mkubwa wa nyumba, mwanamke haigusi.

Mwaka huu ikaja posa ya binti yangu, hapa Kisesa. Mume wangu alishafariki, kwa hiyo mzee wa kuongea na wageni akawa huyo huyo baba mkubwa. Akaja na koti lake, mkewe nyuma, wakakaa kama nyumba ni yao. Nilijua nikimuudhi ataondoka, na wageni wanaweza kuondoka pia, mwanangu akakosa mume. Nilijua vizuri kabisa. Jogoo nikampika mwenyewe.

Wageni niliwapakulia mapaja na kidari. Baba mkubwa nikamwekea siti ya nyuma na raba mbili. Mkewe nikampa redio.

Mzee akachungulia bakuli. "Firigisi iko wapi?"

"Hii hapa, baba." Nikaitia mdomoni, nikaitafuna taratibu, wote wananiangalia.

"We mwanamke!" mama mkubwa akapiga kelele. "Mbele ya wakwe!"

"Tafuna redio yako, mama. Habari zimeanza."

Baba mkubwa akasimama. "Sasa ataongea nao nani? Si nakuuliza, ataongea nao nani?" Akamvuta mkewe, wakatoka bila hata kunawa. Sikuwafuata. Radhi sijawaomba mpaka leo, na wasiingoje.

Binti yangu kasimama mlangoni na birika la kunawisha. Mshenga, mzee mmoja mpole wa upande wa kijana, akafuta midomo, akageuza kiti chake kikanielekea mimi.

"Haya, mama mzazi," akasema. "Tumekuja kuposa. Tunakusikiliza."

Nikavuta kigoda, nikakaa, nikaanza kuongea.