Jino la Mjukuu Wangu na Kompyuta Iliyoganda

Mjukuu wangu wa kike aling'olewa jino ndani ya chumba changu cha mbele, mchana kweupe, kwa sababu ya mpira uliosimama hewani kwenye kioo cha kompyuta. Naanza na jino kwa kuwa ndilo nililoliona kwanza. Nilikuwa uani nakuna nazi. Nikasikia kishindo, kikafuata kimya, halafu makelele. Nilipoingia jino lilikuwa juu ya jamvi langu, na mwenyewe kafumba mdomo kwa mkono mmoja, damu inapita vidoleni, na mkono wa pili bado umeng'ang'ania pedi ya kuchezea. Hakuiachia. Nikasema moyoni, huyu ni wangu kweli.

Aliyempiga alikuwa dereva wa bodaboda wa njia ya Zinga, lijitu pana lenye shingo kama gogo. Alikuwa amesimama katikati ya wenzake anabwata.

"Mwizi! Kila nikikaribia kumfunga anagandisha gemu! Mwizi wa kike huyu!"

Nilikuwa na kifuu mkononi. Sikuuliza swali. Nilimpiga nacho usoni kikapasuka, na yeye pua ikaanza kuvuja juu ya shati lake. Wenzake wakanishika. Mmoja akaniambia, "Bi mkubwa, kaa pembeni, utaumia bure." Nikamwambia nikiumia nitaumia na meno yenu kiganjani, nianze kuhesabu na la nani?

Basi wakatoka. Lakini hawakutoka kwa woga wangu. Walitoka kwa ahadi, na ahadi yenyewe nitaifikia.

Huyu mjukuu, ninayemwita mke mwenzangu kwa kuwa ni mjukuu wa marehemu mume wangu pia, alijifunza ufundi wa kompyuta Dar. Mimi shule niliiacha darasa la nne, siwezi kukueleza vilivyomo ndani ya lile sanduku la kompyuta. Ninachojua ni kwamba alilikusanya kipande kipande kutoka Kariakoo, akaliunga mwenyewe, akaliweka sakafuni chini ya meza kwenye chumba changu cha mbele, mgongo ukutani. Juu ya meza kioo kikubwa. Mimi nikaitandika meza kitambaa nilichofuma kwa mkono wangu, kinaning'inia mbele hadi karibu na chini, maana meza tupu ni aibu ya mwenye nyumba.

Watu wakaja kucheza gemu ya mpira, kwa kulipa. Bodaboda, wavuvi, mafundi seremala, hata baba mmoja mwenye wajukuu. Sheria ilikuwa moja: anayefungwa anainuka, anayeshinda anabaki. Mjukuu wangu alikuwa hainuki. Wanaume wa mji huu walikuja wamevimba, wakainuka wamenywea, na mimi uani nasikia na kucheka mwenyewe. Ule mpira ulimlisha yeye, ukanilisha na mimi. Na nisiseme uongo, nami nilikuwa na gemu yangu, ile ya kupigana ngumi na mateke. Nilibonyeza vitufe vyote kwa pamoja, na nimewalaza vijana wengi.

Sheria yangu mimi ilikuwa nyingine: jamvi langu halikanyagwi na kiatu. Kila mtu alivua mlangoni. Baadaye kukaingia mwizi wa viatu, akawa anapita anachukua pea nzuri anaacha makandambili yaliyokatika. Vijana wakaacha kuviacha nje. Wakawa wanaingia navyo mkononi na kuvisukuma chini ya meza, nyuma ya kitambaa changu. Mimi sikuona ubaya. Jamvi lilibaki safi.

Ni kama baada ya hapo ndipo gemu ikaanza kuugua. Mara ya kwanza nilidhani ni macho yangu. Wachezaji wa kwenye kioo walikuwa wanakimbia vizuri, ghafla wakawa kama wanatembea kwenye tope la mikoko. Mpira unatoka mguuni, unasimama hewani. Sauti ya mtangazaji inakatika, ka-ka-ka-ka, kama mtu anayekabwa koo. Halafu kila kitu kinaruka mbele kwa pamoja, na ukiangalia, goli limeshaingia na hakuna aliyeliona likiingia.

Wewe fikiria hilo linatokea mbele ya wanaume ishirini waliobanana, wenye jasho na hasira. Chumba changu kikawa machinjio. Mvuvi mmoja wa Saadani alimvunjia shemeji yake kiti mgongoni. Wawili walikabana mpaka mmoja akawa wa buluu midomoni, nikawamwagia maji ya mtungi, na walipozidi nikachukua birika la chai. Chai iliwatenganisha. Ngozi ilibabuka kidogo lakini waliachana.

Mjukuu wangu hakukaa kulia. Kila asubuhi alilifungua lile sanduku, akalipangusa vumbi kwa brashi, akaangalia feni kama inazunguka. Inazunguka. Akasema labda umeme ni mdogo, akalizima friji langu la barafu ili kompyuta ishibe. Barafu zangu zote zikawa maji, nikamtukana hadi babu zake, ambao ni babu zangu. Kompyuta ikaganda vilevile. Akaleta stebilaiza ya kutuliza umeme. Ikaganda. Kijana mmoja mjuaji akasema ni intaneti, ongeza bando. Mjukuu akachomoa waya wa intaneti mbele yake, gemu ikaendelea kwa kuwa haikuuhitaji, na baadaye ikaganda bila intaneti. Wakasema virusi. Akafuta kila kitu kilichokuwemo, akaanza upya kama mtu aliyehama nyumba. Ikaganda.

Kilichomtesa ni hiki: akicheza peke yake, hata kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, ilikwenda laini kabisa. Watu wakijaa, inakabwa.

"Bibi," akaniambia siku moja, kakaa sakafuni kazungukwa na nyaya, "hii mashine inaogopa watu."

Jirani akasema ni jicho, tutafute mtu aisomee. Nikamjibu jicho likitaka kugandisha kitu lingeanza na mdomo wako.

Ndipo likaja lile jino. Na ile ahadi ya yule wa bodaboda, kaitoa mlangoni huku anajifuta damu: "Ijumaa baada ya swala narudi. Nacheza naye mbele ya watu wote. Ikiganda tena nikiwa nashambulia, hilo sanduku tunalitoa nje, tunalipiga mawe mpaka liwe unga. Na yeye asije akakaa tena mbele ya mwanamume wa mji huu akashika pedi."

Nilimwambia mjukuu akatae. Mdomo ulikuwa umevimba kama embe, maneno yanatoka nusu.

"Nikikataa, mke mwenzangu, nimekubali kuwa mimi ni mwizi."

"Na wakilivunja?"

"Wakilivunja nitaunda lingine. Jina nitaliunda na nini?"

Nikaenda jikoni nikautoa mchi wa kinu nikauweka nyuma ya mlango.

Ijumaa walikuja wengi hata nisiowajua, kuna waliotoka Kaole kwa kusikia tu kwamba kutakuwa na vurugu. Wakavua viatu, wakaviingiza ndani, wakavisukuma chini ya meza. Yule wa bodaboda akaja na mabuti yake mazito ya soli nene, akayavua, akayasukuma kwa mguu hadi ukutani. Hakuniamkia. Mtu mzima mwenye mvi nimekaa mlangoni na yeye hakuniamkia. Hilo nililiweka akilini.

Wakaanza. Kipindi cha kwanza mambo yakaenda. Mjukuu akafunga, jamaa akarudisha. Chumba kilikuwa moto, madirisha yamezibwa na vichwa vya waliokosa nafasi. Kipindi cha pili jamaa akapata mpira katikati, akawapita wawili, akawa anamkabili golikipa peke yake. Watu wakainuka. Na hapo hapo, ka-ka-ka-ka. Mpira ukasimama hewani.

Sijawahi kusikia sauti kama ile ikitoka kwa watu. Yule wa bodaboda alitupa pedi ukutani, akamshika mjukuu wangu shingoni kwa nguo na kumnyanyua kutoka kwenye kiti.

"Mmeona? Mmeona wenyewe?"

"Toa nje! Vunja!" wakapokea wengine. Mmoja alikuwa amekuja na jiwe kabisa, kalifunga kwenye kikoi. Nikashika mchi wangu nikaanza na migongo. Nilimpata mmoja begani akapiga magoti, nikampata mwingine kwenye kiwiko, lakini wa tatu akaudaka mchi akaninyang'anya, nikaanguka chini karibu na meza. Mkono mtu akaukanyaga. Nikaona miguu yao inakuja kulifuata sanduku, na mimi sina kitu mkononi.

Nikaingiza mkono chini ya kitambaa, nikashika cha kwanza nilichokigusa. Kilikuwa kiatu. Kilikuwa cha moto kama kimetoka mekoni. Sikujiuliza, nikakirusha, kikampiga mtu mdomoni. Nikashika kingine, nikarusha. Makandambili, raba, viatu vya ngozi vya kuendea msikitini, nilivitoa kimoja baada ya kingine nikawapiga navyo usoni, kifuani, popote. Walikuwa wanainama na kutukana. Nikajipenyeza hadi ukutani, nikayapata yale mabuti. La kwanza lilimpata mwenyewe kwenye jicho, akamwachia mjukuu. La pili likavunja taa.

"Bibi!" mjukuu akapiga kelele. "Bibi, basi! Angalia!"

Hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anaangalia kioo. Hakuna aliyekuwa ameshika pedi, lakini wale wachezaji walikuwa wanakimbia. Wepesi. Golikipa aliudaka mpira, mtangazaji anaongea maneno mazima.

Akaanguka kwa magoti, akaingiza mkono nyuma ya lile sanduku, kwenye vitundu ambamo feni hutolea joto. Akautoa haraka.

"Leteni viatu," akasema.

"Viatu gani tena?" akauliza yule wa bodaboda, kiganja kimefunika jicho.

"Vyenu. Vyote. Vilivyokuwa huku."

Sijui ni kwa nini walimtii. Nadhani ni damu, jeraha la fizi lilikuwa limefunguka tena na kidevu chake chote kilikuwa chekundu. Wakaokota, wakampa. Akavirudisha mwenyewe nyuma ya sanduku, akavibana pale vilipokuwa, akayaweka mabuti mwisho. Akaanzisha mchezo uende wenyewe. Tukasimama tunahema, kila mmoja na kidonda chake. Ikaenda, ikaenda, halafu wale wachezaji wakaingia kwenye tope. Ka-ka-ka-ka. Akavivuta viatu vyote kwa mkupuo mmoja. Baada ya kitambo kidogo wakaanza kukimbia tena.

"Inakosa pumzi," akasema. "Ikipata joto inapunguza mwendo yenyewe isiungue. Mkijaa, viatu vinajaa. Mkiondoka mnaondoka navyo, mimi nikiifungua asubuhi sioni kitu."

Yule wa bodaboda aliokota buti lake, akaligeuza. Kwenye soli palikuwa na alama za vitundu vya mgongo wa kompyuta, mstari kwa mstari, zimeingia kwenye mpira uliolainika. Jirani yake akaziona. Akaanza kucheka, akapigwa kiwiko akanyamaza.

"Kaa," mjukuu akamwambia. "Tunaanza upya. Viatu nje."

Nilivipeleka mimi, nikakaa navyo mlangoni, mchi nimeshaurudisha mkononi. Mwizi wa viatu angepita siku ile angezikwa siku ile.

Walicheza bila taa, kwa mwanga wa kioo na madirisha, maana vichwa vilitoka kupisha hewa. Yule jamaa alicheza kwa jicho moja. Na alicheza vizuri, lazima niseme. Mjukuu wangu alikuwa amechoka na mdomo unamuuma. Mwisho mwisho jamaa akatoka na mpira pembeni, akampita beki, akabaki na golikipa. Chumba kizima kilikata pumzi. Mpira haukusimama. Ulikwenda moja kwa moja wavuni.

Kafungwa. Mjukuu wangu kafungwa mbele ya mji mzima.

Hakuna aliyeshangilia. Yeye akainuka kitini kama sheria inavyosema, akamgeukia.

"Umenifunga. Imeganda?"

Akaangalia pedi mkononi mwake.

"Nakuuliza kaka, imeganda?"

"Haijaganda."

"Sema wasikie walio dirishani."

"Haijaganda!" akasema kwa sauti, uso chini. "Si mwizi. Haijaganda."

Nilipiga vigelegele. Nilipiga vigelegele vya kumshangilia mtu aliyefungwa, watu wakanitazama kama nimerukwa na akili, na mimi nikaongeza. Halafu nikaingia, nikamfuata yule mwanamume pale kwenye kiti cha ushindi, nikamzaba kibao kwa mkono ule uliokanyagwa. Kiliniuma mimi kuliko yeye. Akauma meno. Wenzake wakasubiri nini kitatokea. Mimi nilisimama tu hapo hapo mbele yake, nikingoja.

"Shikamoo, bibi," akasema.

"Marahaba. Kesho uje na taa."

Alikuja nayo, akaifunga mwenyewe, mabuti yake kayaacha nje. Akakaa mbele ya kioo. Mjukuu wangu akamwinua kabla ya alasiri, na kila alipokaribia kufunga, nilimwona akiingiza ulimi kwenye lile pengo la jino.