Kiti cha Sajenti Lerionka

Goti la kulia la Sajenti mstaafu Lerionka wa Olasiti lilikufa kabla ya mwenyewe. Lori la jeshi lilipinduka naye akiwa kazini, na tangu hapo goti likawa linakunjika nusu tu, tena kwa kulia kama bawaba ya geti. Hata hivyo madai yake ya ulemavu yalikataliwa. Kosa lilikuwa lake, na mkewe Silantoi alimkumbusha kila asubuhi kabla ya chai.

Mbele ya bodi ya kwanza ya madaktari wa jeshi, daktari aliingia na nyota zake mabegani. Lerionka akaruka, akasimama wima, akapiga saluti ya kutikisa madirisha. Alipoulizwa kama anaumia, akajibu, "Kidogo, afande." Wakaandika hivyo hivyo.

"Mwarusha halii kwa ajili ya goti," alijitetea. "Siku ya jando sikupepesa hata kope."

"Siku ile walikata kwingine, Baba Koikai. Rufaa hii ni ya mwisho. Wakikataa, hakuna upasuaji, na mgongo wangu umechoka kukunyanyua chooni."

Choo chao kilikuwa cha kuchuchumaa. Kila alipoingia, Lerionka alimwita mkewe kwa sauti aliyodhani majirani hawaisikii. Mwishowe alichukua kiti cha plastiki, akakitoboa katikati kwa msumeno, akakisimamisha juu ya shimo. Ikawa siri ya nyumba.

Siku ya rufaa Silantoi alifika amebeba kitu kikubwa ndani ya kanga. Miguu minne ilichungulia.

"Umeleta nini?"

"Ushahidi."

"Mama Koikai, nakuomba kwa jina la Mungu."

"Mwombe huyo Mungu akukunjie goti."

Waliruhusiwa kuingia wote wawili. Lerionka akasimama wima tena, saluti ile ile, jasho likimtiririka. Mwenyekiti wa bodi, mwanamke wa makamo, akauliza, "Unaumia, Sajenti?"

"Kidogo, afande."

Silantoi akaanza kulegeza fundo la kanga.

"Mama, hicho ni nini?"

"Ni kiti, daktari. Huyu mzee akienda..."

"Nitachuchumaa!" Lerionka alifoka. "Niwaonyeshe sasa hivi!"

Akashuka. Goti likalia mpaka karani akaacha kuandika. Alifika nusu, akabaki mikono hewani kama kuku anayetafuta pa kutagia, kisha akatua sakafuni kwa matako.

"Inuka, Sajenti."

Akajaribu mara mbili. Miaka yote jeshini hakuna amri iliyomshinda. Silantoi alitazama kidevu cha mumewe kikitetemeka, akaacha lile fundo.

"Siwezi, afande," Lerionka alisema kwa sauti ndogo. "Linaniuma. Linaniuma sana."

Madaktari wawili wakamwinua. Mwenyekiti akaandika muda mrefu, kisha akasema rufaa imekubaliwa, wasubiri barua nje.

Benchi la kibarazani lilikuwa la chini mno kwa goti lile. Silantoi akafungua kanga, akaweka kiti chini.

"Kaa."

"Watu wanaangalia."

"Ukishakaa, tundu halionekani."

Lerionka akatazama kushoto, akatazama kulia, akakaa.