Akina Tarvelli Wangu

Juzi nilirudi Malindi nikakuta duka la aiskrimu limekuwa duka la magodoro. Nilisimama nje kama mjinga. Hapo ndipo nilipokutana na baba yangu nikiwa mtoto, mara ya kwanza na ya mwisho.

Alikuwa Mwitaliano, Tarvelli, na jina hilo ndilo pekee aliloniachia. Mama alipofariki nililelewa na bibi, aliyefulia watu nguo. Jirani yetu, mwanamke mwenye ulimi mkali, aliwapikia Wataliano, na kila alipomwona Tarvelli fulani kwenye televisheni ya matajiri wake, alituletea habari zake. Basi nikichambua mchicha au nikisugua sufuria kwa majivu, bibi alinikaririsha: kipa Tarvelli, mwimbaji Tarvelli, askofu Tarvelli. "Hao ni baba zako wadogo, usisahau." Niliwatangaza shuleni. Mwalimu akanituma nikaoshe choo, akasema nimwite askofu anisaidie, na darasa zima likaangua kicheko.

Baba alipokuja kutalii na mkewe, bibi alinipaka mafuta ya nazi, akanivisha gauni la Krismasi, tukawafuata hadi dukani. Nikaamkia, nikamtajia ukoo wote, kuanzia kipa hadi askofu. Mkewe akamuuliza kwa Kiitaliano, mtoto huyu ni nani? Baba akatabasamu. "Mtoto wa dobi. Anapenda mpira."

Hakujua kwamba watoto wa Malindi tunakiokota Kiitaliano ufuoni tungali wadogo. Bibi alikuja mjini kutoka Kaloleni akiwa mtu mzima, hakukielewa hata kidogo.

"Kasemaje, mwanangu?" akaniuliza njiani.

"Kasema mimi ni binti yake."

Bibi aliitangaza habari hiyo mtaa mzima huku machozi ya furaha yakimtoka. Lakini mhudumu wa duka alikuwa amesikia kila neno, na kabla ya magharibi kila mtu alijua ukweli isipokuwa bibi. Kwa miaka mingi yule jirani mpishi alimchokoza mbele za watu: "Hebu tuambie tena, Mwitaliano alisemaje?" Bibi anasimulia, anatia chumvi, nao wanafinyana. Nilimchukia mwanamke yule. Hata kwenye maziko ya bibi aliuliza kama Tarvelli amepelekewa taarifa.

Safari hii, katika mtaa wetu wa zamani, sikumkuta mtu anayemkumbuka bibi, ila yule jirani, sasa kikongwe asiye na meno.

"Shikamoo," nikasema.

Badala ya kuitikia, akaweka mkono kifuani kama bibi alivyofanya, akasema kwa sauti ya bibi, ile ile kabisa: "Kasema huyu ni binti yake!" Kisha akacheka hadi akakohoa.

Nikamwomba arudie.