Kiti cha Marehemu

Mwaka ule maduka yalipoanza kujaa bidhaa tena, redio ilitangaza kwamba Nathanaeli ameteuliwa jaji wa Mahakama ya Rufani. Sisi majirani wa Makutupora tulijaa kwa mama yake, bibi Anna, tukipiga vigelegele.

Yeye aliuliza tu, "Anakalia kiti cha nani?"

Tukamwambia kuna jaji alifariki. Bibi akatunyamazisha, akajitanda kaniki, akaenda mjini, mtaa wa Area D, kwa mjane wa marehemu. Nilimsindikiza shingo upande. Wali ulikuwa jikoni.

"Pole, binti yangu," bibi alimwambia mjane. "Mwanangu ndiye amepewa kiti cha mumeo."

Mjane alilia sana.

"Redio imesema nafasi ilikuwa wazi," alisema. "Jina la mume wangu hawakulitaja."