Mkwe na Mkamwana Kwenye Benchi Moja

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja kilichoegemea duka la vifaa vya umeme: viti viwili vya plastiki, kioo chenye ufa pembeni, beseni la kuoshea nywele, na waya uliotundikwa mafungu ya nywele za bandia, meusi na ya hudhurungi. Mtaani kwetu tulimwita Msusi, na kwa kusuka hakuwa na mpinzani. Upinzani wake ulikuwa kwingine.

Kwetu ukisema Chama, hakuna anayeuliza kipi. Bendera yake ilikuwa juu ya duka la dawa, juu ya ghala la saruji, hata juu ya choo cha soko. Kile chama kingine hakikuwa na jina midomoni mwa watu. Kiliitwa tu "wale". Msusi alikuwa mmoja wa wale, na kwa miaka mingi aliyejua siri hiyo ni mumewe peke yake.

Kilichomfanya afunge mdomo ni nyumba aliyolala. Yeye na mumewe, dereva wa lori la maji la manispaa, waliishi kwa mama mkwe. Na mama mkwe hakuwa mtu mdogo. Alikuwa kiongozi wa akina mama wa Chama, mjane mwenye sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti, ndiyo maana watu wakamwita Mama Kengele. Akiita mkutano kutoka barazani kwake, waliokuwa sokoni walikunja biashara. Mkwe na mkamwana walipatana kuliko ndugu wengi wa tumbo moja. Kila Jumapili Mama Kengele alikaa chini, Msusi akakaa nyuma yake kwenye kigoda, akamsuka huku wakisengenya mtaa mzima kwa raha zao.

Basi uchaguzi ukaja, ukapita. Matokeo yakasomwa nje ya shule, mbele ya umati. Chama, kura kibao. Wale, sifuri. Watu wakashangilia, Mama Kengele akapiga vigelegele mpaka akakaukiwa koo. Msusi alikuwa amesimama kando yake, amemshikia mkoba. Alihisi kama mtu aliyeitwa marehemu na huku yupo.

Waliporudi chumbani alimwambia mumewe kwa sauti ya chini, "Kura yangu wameipeleka wapi?"

"Labda uliiharibu."

"Niiharibu? Mimi ninayesuka mistari myembamba kama uzi, nishindwe kuweka alama ya vema ndani ya kisanduku?"

Mumewe akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

Jambo hilo lilimkaa kifuani kama mfupa. Mwishowe alifunga saluni, akapanda basi hadi ofisi ya wale katikati ya mji, ghorofani juu ya duka la mikate. Katibu alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alimsikiliza, akajikuna kichwa.

"Dada, kule kwenu hatuna wakala, yaani mtu wetu wa kukaa chumbani kura zikipigwa na kuhesabiwa. Kila tukimpata mmoja, asubuhi ya kura anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Woga. Wewe je?"

Msusi alitazama sakafu. "Mume wangu anaendesha lori la manispaa. Na mama mkwe wangu ni... si unamjua Mama Kengele?"

"Hakuna asiyemjua," katibu akasema, akashusha pumzi. "Basi tutafutie mtu."

Akarudi na kazi hiyo. Kuitisha mkutano hakuthubutu, lakini alikuwa na kitu ambacho wanasiasa wengi hawana: mteja aliyesukwa nusu kichwa haendi popote. Alianza na mambo ya kawaida, maji yanayotoka siku moja na kukauka wiki nzima, vyoo vya shule vilivyotitia. Kisha akatupa neno: "Sijui kama hata tukibadilisha watu itasaidia." Hapo aliitazama shingo ya mteja. Shingo ikikaza, alihamia kwenye habari za harusi. Shingo ikilegea, aliongeza neno la pili. Vidole vilimtoka jasho mpaka nywele zikamteleza, akawa anavifuta kwenye gauni. Kila mteja akitoka alibaki na roho juu juu, akijiuliza kama neno lile litafika barazani kwa mama mkwe kabla yeye hajafika.

Aliendelea hivyo hadi uchaguzi mwingine ulipokaribia. Wachache walilainika, wengi waliguna tu. Aliyekubali wazi ni mmoja, mjane muuza mkaa wa karibu na kisima. Alipoambiwa kazi ya wakala alicheka hadi meno yote yakaonekana.

"Mimi nina nini cha kunyang'anywa? Mkaa? Andika jina langu, mwaya."

Jina likapelekwa ofisi ya uchaguzi, kama inavyotakiwa, na kutoka huko likasambaa. Asubuhi moja muuza mkaa aliamka akakuta magunia yake yote yamemwagiwa maji. Mkaa uliolowa hauuziki. Alikuja saluni mikono mieusi, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Dada, nisamehe. Nilidhani sina kitu. Kumbe ninacho."

Msusi alimshika mikono ile, wakalia wote wawili, kisha mjane akaondoka upesi kwa kuwa watu walikuwa wanatazama. Kufikia jioni mlango wa saluni ulikuwa umepigwa alama kubwa ya X kwa rangi nyekundu. Aliisugua kwa mafuta ya taa, ikabaki doa la waridi lililoonekana vibaya zaidi. Wateja wakapungua. Waliobaki walijitanda mitandio hadi machoni, wakipitia uani kama wezi.

Nyumbani, Mama Kengele alimsubiri jikoni. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Msusi.

"Nimeambiwa na Mwenyekiti wa tawi, mbele ya wenzangu, kwamba wale wanapikiwa nyumbani kwangu. Nikabisha. Nikaapa. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Umenivua nguo mbele ya watu."

Toka siku hiyo hakumsemesha ila kwa lazima. Jumapili ilipofika alifumua nywele zake mwenyewe, akafunga kitambaa, akatoka. Mtaa mzima ulikiona kitambaa kile ukaelewa.

Siku chache kabla ya kura, Msusi alimfuata mumewe alikokuwa akiosha lori. Meneja wake alikuwa amemwita, akamwuliza habari za mkewe huku akichezea funguo za gari. Funguo alirudishiwa, ila taratibu sana.

"Lori si langu, mke wangu," alisema. "Wakiniambia teremka, nitateremka."

"Muuza mkaa amejitoa. Hakuna mwingine. Ni mimi, au iwe kama ile mara ya kwanza."

Mume alikamua kitambaa mpaka hakikutoa tena tone. "Nikikwambia usiende, utaacha?"

"Nitaacha."

Akakitandaza kitambaa juu ya boneti. "Basi sitakwambia."

Asubuhi ya kura Msusi hakuweza kumeza hata chai. Katibu alikuwa amemwonya: ukishaingia usitoke, hata haja ikikubana, maana wengi walitoka kidogo tu wakakuta mlango umefungwa. Kwa hiyo hakunywa maji. Alivaa kitambulisho cha wakala shingoni, akapita katikati ya vijana wa Chama waliokaa ukutani mwa shule. Mmoja akapiga mluzi, mwingine akasema, "Shikamoo, marehemu." Alipiga moyo konde akaingia.

Kwenye benchi la mawakala alikuwa amekaa Mama Kengele.

Alikuwa na kitambaa chake kichwani, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, na kapu miguuni. Mwenyekiti wa tawi, mzee mnene mwenye tabasamu la muuza magodoro, alisimama mlangoni akikifurahia alichokipanga.

"Si mnakaa nyumba moja?" alisema. "Basi mtakaa vizuri."

Msusi akaelewa. Wangeweza kumweka mtu yeyote. Walimweka mama mkwe ili yeye asiwe na mdomo, maana mkamwana gani atambishia mkwewe mbele ya kadamnasi? Alisema, "Shikamoo, mama." Akajibiwa, "Marahaba," kwa sauti kavu kama kuni. Akakaa.

Watu wakaanza kupita. Wateja wake, majirani zake, hakuna aliyemwangalia usoni. Mumewe alikuja na kofia imeshushwa machoni. Alimwamkia mama yake, akamtikisia mkewe kichwa, akanyoosha kidole kitiwe wino. Dirishani sura za vijana wa ukutani zilikuwa zikija na kuondoka. Kila mlango ulipogongwa, Msusi alishtuka. Aliwaza mlango wa saluni, akawaza lori, akawaza kama usiku ule wangelala nyumba ile au wangekuta virago vyao nje.

Mchana Mama Kengele alifungua kapu, akala mkate peke yake bila haraka. Kisha, akitazama ukutani, alisukuma kipande juu ya benchi.

"Kula. Ukizimia hapa watasema nimekuroga."

Msusi alikula. Mkate ulikuwa mkavu, na hakuthubutu kuomba maji.

Jioni mlango ukafungwa, madawati yakaunganishwa kuwa meza, sanduku likamiminwa. Msimamizi wa kituo aliinua karatasi moja moja na kutaja. Chama. Chama. Chama. Moja ya zile za Chama alama yake ilikuwa imevuka mstari wa kisanduku. Msimamizi hakusita: Chama. Zikaendelea, kisha ghafla: "Wale... samahani, chama cha pili." Msusi akahisi damu ikimpanda masikioni. Ikaja nyingine. Halafu msimamizi akainua karatasi, akaigeuza, akaitupa pembeni.

"Imeharibika."

Msusi alikuwa ameiona. Alama ilikuwa ya wale, imevuka mstari kidogo tu. Aliinua mkono.

"Samahani. Naomba kuiona."

Msimamizi alichungulia dirishani alipokuwa Mwenyekiti, kisha akageukia benchi. "Wakala wa Chama anasemaje?"

"Imeharibika," akasema Mama Kengele.

Msimamizi akanyoosha mkono kuchukua karatasi iliyofuata. Msusi akasogea ukingoni mwa benchi. Hakumtazama mama mkwe. Alitazama sakafu, akasema, "Mama, naomba unisamehe. Mama hujavaa miwani."

Dirishani mtu akacheka. Ilikuwa aibu, na hakuna aliyekuwa chumbani asiyejua hivyo. Mama Kengele alimgeukia taratibu, macho yamemtoka, Msusi akafumba yake akingoja kofi au tusi. Hakikuja chochote. Alipofumbua, mama mkwe alikuwa anavaa miwani.

"Ileteni hapa kwenye taa."

Aliitazama sana. Mwenyekiti akakohoa nje, akakohoa tena.

"Ile ya kwetu iliyovuka mstari," Mama Kengele akauliza, "mliihesabu?"

"Tuliihesabu, mama."

"Basi na hii ihesabuni. Na ukikohoa tena, Mwenyekiti, kanunue dawa. Tumewazidi mlima mzima, halafu unataka nizeeke naitwa mwizi kwa karatasi moja?"

Kuanzia hapo msimamizi alihesabu kwa adabu.

Chama kilishinda, tena kwa mbali. Wale hawakufikisha hata kura arobaini. Lakini zilipotajwa nje, zile kelele za kushangilia zilikatika kidogo, watu wakaanza kutazamana. Mkwe na mkamwana hawakusubiri. Walitoka mbio pamoja hadi vyoo vya shule, kila mmoja akimwambia mwenzake atangulie, ingawa hakuna aliyeweza kungoja.

Walirudi nyumbani mmoja mbele mmoja nyuma. "Usidhani nimehamia kwenu," Mama Kengele alisema bila kugeuka. "Kura yangu unajua ilikokwenda."

"Najua, mama."

Haikuisha vizuri kwa yeyote. Mwezi haukupita kabla Mama Kengele hajavuliwa uongozi wa akina mama. Aliambiwa amechoka, apumzike. Mume wa Msusi alinyang'anywa lori akapelekwa kulinda ghala la mabomba. Saluni haikufungwa, ila wateja walirudi kwa kuokoteza. Muuza mkaa alipata magunia mengine kwa shida, na akipita mlangoni huinua mkono.

Vijana wa Chama nao wamekuwa wakizunguka mtaani wakiuliza. Wanataka kujua hizo kura nyingine ni za nani. Walimbana hata Msusi mwenyewe sokoni, akawaambia ukweli: hajui. Aliowafahamu hawazidi vidole vya mkono mmoja. Sasa akimtazama muuza nyama, au mke wa fundi bomba, au mwalimu anayepita na baiskeli, huwaza, ni huyu? Humjia furaha, na papo hapo hofu, kwa sababu na vijana wanaotafuta wanazitazama sura zilezile.

Jioni moja walikuwa wamekaa sebuleni, mama mkwe na yeye, taa imewashwa.

"Hao wengine ni akina nani?" Mama Kengele aliuliza.

"Sijui, mama. Wallahi sijui."

"Nilidhani nawajua watu wote wa mtaa huu." Akatikisa kichwa. "Wote."

Nje wakasikia hatua za watu wengi na kicheko. Mama Kengele alinyanyuka, akaenda dirishani, akasukuma komeo, akalijaribu kwa kiganja kama limeshika. Hatua zikapita. Hakurudi kitini. Alibaki amesimama palepale, ameegemeza sikio kwenye ubao wa dirisha.