Kiwambo cha Ngozi

Miaka michache baada ya Mapinduzi nilikuwa fundi wa magari Kiembe Samaki, nikifanya kazi chini ya banda la makuti. Asubuhi moja liliingia gari la dizeli la kubebea mizigo, likitoa moshi mweusi hata jirani akakimbilia kuanua nguo zake. Dereva alikuwa mzee wa Kiarabu niliyemjua kwa sura. Mashamba yake ya mikarafuu yalikuwa yameshagawiwa watu, na sasa alichukua mihogo ya wakulima wa Tunguu kuipeleka sokoni mjini.

Nilimwamkia, akaitikia, asishuke. Aliniambia kwamba jana yake, kwenye kichochoro cha mjini, aliondoa mguu kwenye kanyagio la mafuta na gari likazidi kwenda mbio. Lilisimama lilipokwaruza baraza waliyokaa watu. Hakuumia mtu, lakini alitukanwa, akakumbushwa hata ubwana wake wa zamani. Fundi mmoja alimwambia pampu ya dizeli imekufa, na nyingine haipatikani, basi aliuze gari kama chuma chakavu.

"Kama ndivyo, nambie," alisema. "Nshazoea kuambiwa."

Kwanza nilizishuku nozeli, vile vinyunyizio vya dizeli. Nikazisafisha, moshi ukabaki vilevile. Ndipo nikatulia nikaisikiliza injini: ilipanda na kushuka, kama mtu anayehema. Nozeli chafu haifanyi hivyo. Pampu ile ilikuwa na kiwambo cha ngozi kwa nyuma. Injini ikivuta hewa, kiwambo nacho huvutwa kupitia kibomba chembamba, na mafuta yakapunguzwa. Kwa hiyo ama kibomba kinavuja, ama ngozi imepasuka.

Nilikifungua kibomba, nikaziba ncha moja na kupuliza nyingine. Kilikuwa kizima. Kisha nikausukuma mkono wa pampu hadi mahali pa kuzimia injini, nikaliziba tundu kinapoingia kibomba kwa kidole gumba, nikauachia. Ngozi ikiwa nzima, hewa iliyofungiwa ndani huuzuia mkono usirudi upesi. Ule ulirudi papo hapo.

Nikafungua. Ngozi ilikuwa imekauka na kupasuka kama kisigino. Mzee aliishika kwa ncha za vidole.

"Ni hiki tu?"

"Ndiyo hiki, mzee wangu."

Tukaenda mjini kwa mshona makubadhi. Njiani aliniuliza kwetu wapi, nami nikamwambia kwamba baba yangu alitoka bara, na alipata kumchumia karafuu. Akaniomba nimtajie jina la baba. Nikamtajia. Akasema halikumbuki, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona haya.

Mshona makubadhi alipomwona tu aliacha sindano. Naye alikuwa mmoja wa waliokaa kwenye baraza iliyokwaruzwa. Mzee akampa salamu, akamwambia yeye ndiye aliyetaka kuwaua, na amekuja kuomba radhi na kipande cha ngozi. Yule bwana alinitazama mimi, akaitazama ngozi iliyopasuka, mwishowe akasogeza viatu ili mzee apate pa kukaa.

Ngozi ya kwanza ilikuwa nene, haikupindika. Niliifunga, injini ikazidi mbio na kupiga kelele, nikaizima haraka. Uso wa mzee ulisawijika. Nilirudi kwa mshonaji peke yangu. Safari hii mshonaji alichagua ngozi laini ya mbuzi, akaikwangua kwa kigae cha chupa hadi ikawa nyembamba kama kitambaa, akailainisha kwa mafuta.

Injini iliwaka, ikahema mara mbili tatu, ikatulia. Moshi ukawa mwepesi, kisha usionekane. Nikamwambia mzee twende tukalijaribu hadi Mbweni. Kwenye mteremko aliinua mguu, gari likapunguza mwendo lenyewe. Akakanyaga mafuta, akainua mguu tena.

"Nlikuwa naogopa kuingia mjini," alisema. "Si gari tu. Watu."

Nilimwambia kesho nitapanda naye, tupeleke mihogo pamoja. Alfajiri akanipigia honi nje ya banda.