Digrii ya Kazi Mbili

Nilirudi kutoka India katikati ya miaka ya tisini na digrii moja yenye vichwa viwili, sheria na fedha. Majirani wote wa Boito walikuwa wamenichangia kwa harambee, kwa hiyo wote walikuwa na haki ya kuniuliza kazi iko wapi. Wakili mmoja wa Kericho aliniambia nijaribu benki. Meneja wa benki akanirudisha kwa mawakili. Nilitoka pale nimefura kwa hasira.

Nikashika kikapu, nikachuma chai na mama. Jioni moja baba alinitazama, akasema, "Umesomea kazi mbili, na umekosa hata moja?" Alikuwa akinitania, lakini iliniuma. Mtaka yote hukosa yote, nilijiambia.

Asubuhi moja tukingoja lori la chai, jirani yetu alinivuta mkono. Tulimwita kogo, yaani nyanya. Alikuwa mjane asiye na mtoto, na kwa mila yetu Wakipsigis alikuwa ameoa mke, msichana aliyemzalia warithi wa boma. Chama cha mikopo cha wakulima kilikuwa kimemnyima mkopo wa ng'ombe wa maziwa.

"Ati wanataka sahihi ya mzee ya boma," alisema. "Na mzee ni mimi!"

Nilienda naye papo hapo, na gambuti zangu za matope. Karani, kijana mpole kutoka upande wa ziwa, hakuwahi kuisikia mila hiyo. Nilimweleza kwamba mahakama huitambua ndoa kama ile, na kwamba kogo mwenyewe, kama mume, ndiye wa kutia sahihi. Kisha nikampigia hesabu jinsi chai ya kila mwezi ingelipa mkopo bila kugusa bonasi ya mwisho wa mwaka. Sauti yangu ilipanda, na sikuomba radhi.

Karani alicheka. "Sasa madam, si ukuje ufanye na sisi? Kesi kama hizi ziko mingi, na hatujuangi pa kuanzia."

Kamati ilinichukua mwezi uliofuata. Nilifurahi hadi nikalia njiani.

Ng'ombe alipozaa, kogo alituletea kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, akamsimulia baba mambo yote ya siku ile. Baba alikunywa polepole, akapangusa midomo, akanigeukia.

"Kumbe ilikuwa kazi moja," akasema.